Mruko wa Mwisho na Rasta za Mama

Mimi na kocha wangu tuligombana majuma mengi juu ya mahali pa kuweka mruko mmoja. Mruko wenyewe ni ule wa kuzunguka mara tatu hewani kabla mguu haujagusa barafu tena, na pale uwanjani tuliuita tatu, basi. Yeye alitaka niuweke mwanzoni mwa programu, ule mchezo mzima wa kuteleza kwa muziki, miguu ikiwa bado na nguvu. Mimi nilitaka niuweke mwishoni kabisa, muziki ukikaribia kuisha, kwa sababu mruko wa nusu ya pili huongezewa pointi. Majaji wanajua kwamba kufikia hapo mtu anahema roho mkononi.

"Huo ni wazimu," alisema kocha.

"Basi mimi ni mwendawazimu," nikamjibu, nikaenda kufunga kamba za viatu.

Sikuwa natafuta sifa, msinielewe vibaya. Mashindano ya taifa ya vijana mwaka ule yalifanyika Durban, kwenye uwanja wetu wenyewe, na msichana mmoja tu ndiye angechaguliwa kwenda kuiwakilisha nchi ng'ambo. Mmoja! Na ule ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kuhesabiwa kijana. Sasa kulikuwa na msichana wa Johannesburg ambaye kila tulipokutana alinishinda. Mikono laini, shingo ndefu, kuteleza kwake kama siagi kwenye kikaango. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na ubaya ni kwamba alikuwa mpole, hata sababu ya kumchukia hakunipa. Ila tatu hakuwa nayo. Nikiipata mwanzoni, bado angenipita kwa urembo. Nikiipata mwishoni, nampita mimi. Nikianguka mwishoni, kwisha habari yangu.

Watu wakisikia kwamba nilikulia Durban nikicheza kwenye barafu, wanacheka kwanza, halafu wanauliza kama haiyeyuki. Haiyeyuki, labda umeme ukatike. Tuliishi ghorofani South Beach. Papa aliendesha lori la makontena bandarini, na Mama alikuwa na saluni mitaa miwili kutoka nyumbani. Wote wawili walitoka Bukavu kabla sijazaliwa. Mteja mmoja wa Mama alikuwa mkata tiketi pale uwanjani, na siku moja ya likizo akanichukua niingie bure, ili niache kumsumbua Mama kazini. Nilianguka mpaka suruali ikalowa, na jioni walinitoa kwa kunivuta mkono. Mama alisema ni kitu cha kupita kama surua. Wapi!

Kocha wangu alikuwa mama wa Kihindi wa Queensburgh, kitongoji cha Durban, mwenye sauti ya chini na macho makali, anayekuja kila asubuhi na chupa ya chai na koti la mumewe. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Hata ukifanya upuuzi wa kutisha, yeye atasema, "Labda tujaribu tena kidogo." Mimi niliyekulia saluni ya Wakongo, ambako hata salamu ni kelele, adabu ile ilinishinda.

Tatu ilinitoa jasho karibu mwaka mzima. Nililala na barafu kwenye nyonga, niliamka na barafu kwenye nyonga, na Papa akawa ananipaka dawa ya misuli huku akiuliza kama hakuna mchezo mwingine wa kukaa. Halafu asubuhi moja nikatua. Nilishtuka kuliko mtu yeyote. Kesho yake nikatua tena, na wiki iliyofuata ikawa inakuja yenyewe, hata mwisho wa programu, mapafu yakiwaka moto. Kocha akaweka kikombe chake chini.

"Haya," alisema. "Mwisho. Lakini Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, nikiona inasitasita, tunaweka mruko wa mizunguko miwili, na hatutajadiliana."

"Sharp, sawa," nikasema. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimkumbatia, na chai ikamwagika.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Mama akanikalisha kwenye kiti cha saluni. Alikuwa amefunga mlango na kuwaita tantine wawili waliofanya kazi naye, wale wanawake walionilea kwa zamu na kunichapa kwa zamu.

"Mtoto yangu hawezi kwenda mbele ya majaji na kichwa kama mutu ametoka hospitali," Mama alisema. "Wiki hii watu wote watakuangalia kwa simu. Bateja yangu yote nimewaambia."

Wakasuka. Mikono sita kwenye kichwa kimoja, na umbea wa kanisa zima ukapita juu ya masikio yangu. Walinisuka rasta nene za nywele za kununua, ndefu hadi kiunoni, kisha Mama akazizungusha zote nyuma ya kichwa zikawa fundo kubwa kama papai. Nilijiangalia kwenye kioo, na nisiseme uongo, nilikuwa mzuri! Shingo ilionekana ndefu kuliko ya yule wa Johannesburg. Tantine mmoja alipiga vigelegele, Mama akanipiga picha kutoka kila upande, na kabla hatujafika nyumbani picha zilikuwa zimeshafika Bukavu na Brussels.

Jumatatu asubuhi nikaiendea tatu kama kawaida, nikala mwereka. Nikainuka, nikacheka. Nikaiendea tena, nikaanguka vibaya zaidi, mgongo wote chini. Nilianguka asubuhi yote. Mwili ulikuwa unapanda vizuri, halafu katikati ya hewa kuna kitu kinauvuta nyuma, na mimi naona taa za darini badala ya ukuta. Jumanne hivyo hivyo. Kocha aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akamimina chai.

"Labda ni hofu," alisema mwishowe. "Mashindano yamekaribia. Ni kawaida."

Eish, nilikasirika! Mimi, hofu? Mimi niliyetaka kuiweka mwisho? Lakini hasira haikunisaidia chochote, maana niliirudia tatu nikiwa na hasira na bado nikaanguka. Nyumbani Mama aliona nachechemea, akatoa maelezo yake: iko watu wenye wivu, wameona picha. Usiku ule aliniwekea mikono kichwani, akakemea kila kitu kilichokuwa kinanivuta nyuma. Na mikono yenyewe ilikuwa juu ya fundo! Nikikumbuka hadi leo, nacheka peke yangu barabarani.

Jumatano nililia chooni. Nasema wazi, nililia kweli, kwa sababu nilianza kuamini kwamba kocha alisema kweli, kwamba ndani yangu kulikuwa na mwoga aliyengojea tu siku kubwa ifike ili ajitokeze. Kuanguka nilikuwa nimezoea. Kutojua kwa nini ninaanguka ndiko kulikonimaliza.

Alhamisi kocha alinipumzisha mirukoni, akaniambia nizunguke tu. Kuzunguka mahali pamoja juu ya mguu mmoja nilikuwa najua tangu nina miaka tisa, ningeweza nikiwa nimelala. Nikaanza kuzunguka, na nilipofungua macho nilikuwa nimehama karibu hadi ukutani. Nikarudia. Nikahama tena. Hapo nikasimama katikati ya barafu, mikono kiunoni, nikafikiri kwa mara ya kwanza wiki ile. Hofu inaweza kumnyang'anya mtu mruko, sawa. Lakini nani anaogopa kuzunguka chini? Basi si moyo ulioharibika, ni kitu kwenye mwili. Na ni kitu gani kimebadilika kwenye mwili wangu tangu Jumapili?

Nikainua mkono, nikashika fundo. Lilikuwa limelowa maji ya barafu kutokana na kule kuanguka kote, na lilikuwa zito kama mtoto mchanga aliyelala.

Nilimfuata kocha mbio. "Ni nywele!" nikamwambia. "Nywele ndizo zinanivuta!"

Akashusha macho, akaanza kufunga kifuniko cha chupa yake ya chai, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Niliona tangu Jumatatu," alisema kwa ile sauti yake ya chini.

"Uliona nini?"

"Kwamba kichwa kinakwenda nyuma. Lakini ningesemaje? Mimi, nimwambie msichana Mwafrika kwamba nywele zake ni tatizo? Katika nchi hii, na historia yake ya ubaguzi? Mama yako angenielewaje?"

Mungu wangu! Nilipigwa na butwaa, halafu nikalipuka. Nilimwambia kwamba wiki nzima nimelamba barafu kwa sababu ya adabu yake, kwamba nimelia chooni kwa sababu ya adabu yake, kwamba angesema tu, hata kwa ishara, hata kwa kukohoa! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema samahani, na macho yake yalikuwa na maji, na mimi nikaona aibu, kwa sababu nilijua anachokisema si cha kubuni. Kuna maneno ambayo mtu wa Durban huyazunguka kama shimo barabarani. Hata hivyo nilikuwa nimeumia nyonga.

Ilibaki kazi kubwa zaidi: kumwambia Mama. Ningeweza kuzifumua mwenyewe? Vidole ninavyo. Lakini kufumua kazi ya Mama bila ruhusa ya Mama, hapana, huo ubavu sikuwa nao. Nikaenda saluni nikiwa nimevaa bado jaketi la mazoezi. Viti vyote vilikuwa vimejaa.

"Mama, rasta zinaniangusha."

Hakugeuka. "Zinakuangusha namna gani?"

"Ni nzito. Nikiruka zinanivuta nyuma."

Hapo akageuka, kitana mkononi. "Nzito? Bibi yako alikuwa anabeba mutungi ya maji kwa kichwa, anapanda mlima, mtoto kwa mgongo, na hakuanguka hata siku moja! Wewe nywele tu?"

"Bibi hakuruka akazunguka mara tatu na huo mtungi!"

Tantine mmoja akacheka. Mama akamkata jicho, na kicheko kikaishia hapo hapo. Wateja walikuwa wananyamaza kwa makusudi ili wasikose neno.

"Kocha amekubali kwamba ni nywele," nikasema.

"Kocha! Mwenyewe ndiye alisema ni uoga. Uoga iko kwa miguu, haiko kwa nywele. Bon. Jumamosi nitakuja kuona na macho yangu."

Nilidhani anatishia tu. Jumamosi ndiyo siku saluni inapojaa mpaka watu wanakaa ngazini, na miaka yote ile Mama hakuwahi kuja kuniona nikishindana kwa sababu hiyo. Alikuwa anaangalia video, akisema nipunguze kuinama. Ijumaa nikaanguka tena mbele ya kocha. Hakubadilisha kauli. Tatu ikaondolewa, ikawekwa mbili, kama tulivyokubaliana. Nilitikisa kichwa kukubali, na fundo likatikisika na mimi. Mbili mwishoni maana yake ni nafasi ya pili, na nafasi ya pili maana yake ni kubaki nyumbani. Nilijua, naye alijua.

Jumamosi saluni ilifungwa. Mama na tantine wawili waliingia uwanjani wamejifunika mablanketi, wamevaa kofia za sufu, mmoja na glavu za kuoshea vyombo ndani ya glavu nyingine. Wakakaa mstari wa mbele, wakaanza kuulizana kwa sauti kwa nini watu wanalipa kuja kukaa ndani ya friji.

Kabla ya kushindana, kila kundi hupewa dakika chache za kupasha mwili pamoja. Sijui ni kiburi au ni kukata tamaa, lakini nikajaribu tatu. Nikaanguka. Nikajaribu mara nyingine, nikaanguka karibu na ukuta, chini kabisa ya pale alipokaa Mama, nikainua uso nikamwona. Watu wengine wote walikuwa wakiangalia miguu yangu. Yeye alikuwa anaangalia kichwa. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na nikajua kwamba ameona.

Kura ilikuwa imeniweka wa mwisho katika kundi, kwa hiyo palikuwa na muda kidogo. Nilipotoka barafuni Mama alikuwa ananingoja mlangoni. Akanishika mkono, akanipeleka chumba cha kubadilishia nguo, tantine wakitufuata nyuma. "Kaa," akasema. Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi.

"Tufumue, mama," tantine mmoja akasema kwa huruma. "Tuko watatu."

"Kufumua ni masaa. Hatuna masaa."

Akachomoa pini zote, fundo likaporomoka mgongoni kwangu. Kisha akaanza kukata, rasta moja moja kwanza, halafu kwa mafungu, akipima kwa vidole pale nywele zangu mwenyewe zinapoishia. Kazi yake mwenyewe. Nilisikia mkasi ukitafuna na nilisikia pumzi yake. Sikuweza kumwangalia.

"Nilitaka uonekane mtoto wa mutu," alisema nyuma yangu. "Kwamba hata huku ugenini uko na watu wako."

Nililia, nini kingine ningefanya? "Usilie," akasema, "rangi ya macho itashuka, na hiyo siwezi kukata na mkasi." Tantine wakacheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu. Nilipotikisa kichwa, kilikuwa chepesi mpaka nikahisi kizunguzungu.

Wakati tukiwa ndani, yule wa Johannesburg alikuwa ameshamaliza. Bila kosa hata moja, bila shaka. Kocha alinipokea kwenye lango la barafu, akaangalia vijirasta vyangu vilivyosimama kila upande. Safari hii alisema alichokiona, moja kwa moja.

"Fanya mbili," alisema. "Wiki nzima mwili umezoea kichwa kizito. Kichwa hiki hujarukia hata mara moja. Huwezi kujua kitakupeleka wapi."

Alisema kweli kabisa. "Nitaona nikifika," nikamwambia. Akafumba macho, akaniachia.

Mruko wa kwanza, ambao ni rahisi, ulinishtua. Nilizunguka haraka kupita kiasi, nikaponea chupuchupu kupitiliza. Wa pili nikajizuia kidogo. Wa tatu nikaanza kukielewa hicho kichwa kipya, kama mtu anayejifunza ngazi za nyumba ngeni gizani. Halafu miguu ikaanza kuwa mizito, kifua kikawaka, na muziki ukafika pale ambapo nilipaswa kuamua. Nikapita kona ya mwisho. Nikamwona kocha ameinua vidole viwili. Nikamwona Mama bado yuko wima, hakukaa tangu nianze.

Sitasema kwamba nilipata amani au kwamba nilisikia sauti. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa, ndiyo, safari hii naogopa kwelikweli. Ila nilitaka kwenda. Nilitaka sana mno, na mbili isingenipeleka. Nikageuka kinyumenyume, nikapitisha mguu wa kulia mbele, nikapanda.

Ukuta ulibaki ukuta. Sikuona taa za darini. Mguu ukagusa barafu, goti likapinda mpaka nikadhani linakwenda chini, nikajikaza kisabuni, na mguu ukashika. Ukashika! Nilisikia vigelegele vya tantine vikipasua uwanja mzima, na nikazunguka ule mzunguko wa mwisho nikicheka kwa sauti. Nadhani majaji walinisikia.

Baada ya kumaliza unakaa na kocha kwenye benchi moja mbele ya kamera, kungojea pointi. Nilikuwa sijapata hata nafasi ya kukaa vizuri, Mama akatokea. Kijana wa kujitolea mlangoni akajaribu kumwambia kwamba wazazi hawaruhusiwi. "Ni mimi nilimzaa," Mama akamwambia kwa Kiswahili, na kijana, ambaye hakujua Kiswahili, akampisha. Kocha akasogea upande. Mama akakaa katikati ya benchi, akanivuta nikae chini sakafuni, akanibana mabega kwa magoti, akachomoa kitana chenye mkia na kuanza kufumua vile vijirasta vilivyobaki.

"Mama, kamera!"

"Ndiyo maana," akasema. "Dunia nzima inaona hii kichwa."

Kipaza sauti kikakohoa, kikasoma pointi zangu, na ukumbi mzima ukaanza kulinganisha na za yule wa Johannesburg. Kocha alipiga ukelele. Yeye! Ukelele mkubwa, mpaka nikageuka kumwangalia, na kutoka usoni kwake ndipo nilipojua kwamba ni mimi ninayekwenda. Nikataka kuruka juu. Magoti ya Mama yakanibana.

"Tulia kwanza," alisema. "Sijamaliza."

Nikatulia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kichwani mwangu, inatetemeka kiasi kwamba mkia wa kitana ulikuwa unanichoma, na mimi nikaiacha initetemekee.